Tupeane uzoefu: utafiti wa huduma za umma uliofanywa kwenu, matokeo yake yaliwarudia?

Mwanzisha mada, Lamu mjini

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote mliomo humu. Ninaomba tukusanye uzoefu wetu juu ya jambo moja: tafiti zinazofanywa Lamu na Malindi kuhusu jinsi huduma za umma zinavyosimamiwa, ziwe za zahanati, maji, gati, shule za chekechea au vitambulisho, na jinsi matokeo yake yanavyowafikia, au yasivyowafikia, watu waliotoa majibu. Tangu serikali za kaunti zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, ugatuzi umewaleta kwetu wanafunzi wa shahada za juu, maafisa wa mashirika na washauri wa idara mbalimbali, na mimi, mwalimu mstaafu, nimewasaidia baadhi yao kuhoji watu katika mitaa ya Langoni na Mkomani.

Nina msimamo, nao nitauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga anipinge. Mtu anayekuja kuchunguza kama viongozi wanatoa hesabu kwa wananchi, kisha akaondoka na majibu ya wananchi hao bila kurudi kuwaeleza alichokiona, hajamaliza kazi yake, hata kama chuo chake kimempa alama nzuri.

Nitoe mfano ulionifundisha mengi. Hojaji moja niliyoisoma mlango kwa mlango iliuliza kama mhojiwa ameridhika na huduma za serikali ya kaunti. Mzee mmoja alijibu kwa uchungu kwamba hajaridhika hata kidogo, na nilipomwomba aeleze, kumbe kilichomuudhi ni kitambulisho cha mjukuu wake kilichochelewa. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti zimepewa vituo vya afya, maji, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na hata vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Usajili wa watu haumo katika orodha hiyo. Hojaji haikuwa na nafasi ya maelezo yake. Jibu la mzee lingehesabiwa dhidi ya afisi isiyohusika, na afisi inayohusika isingesikia neno lolote. Utafiti wa aina hiyo unapima hasira za watu pasipo kuonyesha ni nani anayepaswa kuzijibu, na kwa maoni yangu swali la nani anajibu ndilo kiini cha taaluma hii yote.

Basi karibuni. Semeni mliulizwa nini, nani aliuliza (bila kutaja jina la mtu wala la chuo), na kama kuna chochote kilichorudi.

Mchangiaji, Siyu

Wa alaikumu salamu, Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati katika kisiwa cha Pate, na kwa bahati njema kwetu matokeo yalirudi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alitufikia akiwa na hojaji iliyotayarishwa kwa ajili ya kaunti kadhaa za bara. Aliuliza mgonjwa anatembea kilomita ngapi kufika kituo cha afya, na anakaa dakika ngapi kwenye foleni. Mahali penye barabara hayo ni maswali ya maana. Kwetu sisi rufaa ya kwenda hospitali ya Lamu hupita baharini, na chombo kinachotoka Siyu hufuata mkondo uliozungukwa na mikoko, ambao maji yakipwa haupitiki. Mama aliyeshikwa na uchungu wakati maji yametoka ama asubiri yajae, ama apelekwe nchi kavu hadi Mtangawanda, ambako boti huweza kufika hata maji yakiwa yamepwa. Wakati wa maji mafu hata kujaa kwenyewe huwa hafifu, na msimu wa kusi manahodha hupima kwanza hali ya bahari kabla ya kukubali safari. Mtafiti aliyekuja katika utulivu wa kaskazi, akahesabu kilomita na kurudi kwao, angeandika kwamba sisi tuko karibu na hospitali.

Tulimwambia hayo kwa adabu, na ninamshukuru kwamba alisikiliza. Pamoja na muuguzi wetu tulikubaliana kwamba kila rufaa iandikwe saa mbili tofauti: saa ambayo muuguzi aliamua mgonjwa aondoke, na saa ambayo chombo kiliondoka kweli. Majina ya wagonjwa hayakutoka katika daftari la zahanati. Yeye alichukua saa, tarehe ya mwezi mwandamo na sababu ya kuchelewa tu.

Alipochambua, alituonyesha jambo ambalo hata sisi wenyeji hatukulitilia uzito. Tulizoea kulaumu maji. Maji yalihusika, lakini ucheleweshaji mwingi ulitokana na mafuta ya boti na ruhusa ya kuyanunua, kwa sababu muuguzi aliyemwona mgonjwa hakuwa na mamlaka juu ya fedha, na mwenye mamlaka hakuwa Pate. Bahari hatuwezi kuiandikia barua, ruhusa ya mafuta tunaweza. Kijana alirudi, akasoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya baraza, akinamama wakamuuliza maswali mpaka jua likakaribia kuchwa, na kamati ikatumia kurasa zake kuomba kwamba sehemu ya fedha za dharura ikae karibu na kituo. Tangu Sheria ya 2023 ya ufadhili wa kuboresha vituo vya afya, inayoviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato vinavyokusanya, hoja yetu imepata mahali pa kusimama. Bado tunaifuatilia.

Mchangiaji, Malindi (Barani)

Shikamoo Mama wa Siyu. Maelezo yako yamenipa picha ambayo darasani hatukupewa. Mimi ninasoma usimamizi wa umma, na ninaomba kuongeza kutoka katika tafiti za majirani zetu wa Uganda, kwa kuwa zinahusu swali la Mwalimu moja kwa moja.

Utafiti mmoja ulifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ya huko iliitenga kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi kati ya 1991 na 1995, na ukakuta kwamba shule, kwa wastani, zilipokea asilimia 13 tu ya fedha hizo. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika tangazo la kilichopokelewa mahali ambapo mzazi anaweza kulisoma. Kufikia 2001 sehemu inayofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wapo wataalamu waliosema, na ninawakubali, kwamba magazeti hayawezi kupewa sifa yote, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo elimu ya msingi bila malipo ilianzishwa na usimamizi wa fedha ukakazwa. Hata hivyo, mzazi asiyejua kiasi kilichotumwa hawezi kuuliza kilikopotelea.

Utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa 2009, ulihusu vituo 50 vya afya vijijini. Katika nusu yake wanakijiji walipewa taarifa za kituo chao, wakakutana na wahudumu, wakaandika kwa pamoja nini kibadilike na nani atakifuatilia. Baada ya mwaka mmoja watafiti waliripoti kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa takribani theluthi moja ikilinganishwa na nusu ile nyingine. Watu wengi hunukuu hadi hapo. Lakini utafiti wa baadaye nchini humohumo, katika vituo vingi zaidi, uliona ubora wa matibabu ukiongezeka kwa kiasi na haukuona vifo vikipungua. Ninalitaja hili kwa sababu baadhi ya mashirika hufika kwetu na mikutano ya wananchi kupima huduma kana kwamba dawa imekwisha kuthibitishwa. Haijathibitishwa kwa kila mahali, na mwananchi anayepoteza siku yake ya kazi mkutanoni ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kwa upande wa mtaani kwetu, tulikuwa na jirani mmoja aliyeandika kila siku saa ambazo mfereji ulitoa maji. Wengine walimfuata, tukapata daftari la nyumba kadhaa, na ratiba yetu tukaibandika dukani kabla ya kuipeleka kwa wasambazaji. Walitupokea vizuri kwa sababu tulileta tarehe na saa. Hadi leo ratiba ya mgao hubandikwa pale pale dukani, na inapobadilika tunajulishwa.

Mchangiaji, Mpeketoni

Kwetu walikuja kuuliza juu ya chekechea: walimu wangapi, vyoo vingapi, uji unapikwa au haupikwi. Hawakurudi. Mwaka uliofuata wengine walikuja na maswali yaleyale, na wazazi wakakataa kujibu. Sikuwalaumu wazazi.

Mchangiaji, aliyefanya kazi ya mipango katika kaunti

Ninaomba nami nisikilizwe, kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Ripoti nyingi zilitufikia, na baadhi zilikuwa nzuri sana, lakini zilifika wakati mlango umefungwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina kalenda isiyomsubiri mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai. Mtafiti anayetuletea mapendekezo mwezi wa Mei, hata yawe na hekima ya namna gani, anazungumzia fedha ambazo tayari zimegawanywa. Yuleyule akileta kurasa mbili mwezi wa Julai, wakati mpango wa mwaka unaofuata unaandikwa, mapendekezo yake yana nafasi ya kuingia, na yakishaingia katika mpango ni vigumu kuyapuuza bajeti inapofika, maana sheria inataka bajeti ifuate mpango.

Kwa hiyo, Mwalimu, ninakubaliana nawe kwa nusu. Kurudi kijijini ni lazima, lakini mtafiti akirudi kijijini peke yake, afisa anayeandika mpango hatajua. Na akirudi kwa afisa peke yake, kijiji hakitakuwa na la kushika katika kikao cha maoni ya umma.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa mipango, ahsante. Nusu uliyoongeza ninaichukua. Lakini niruhusu niulize: je, kuna wakati mlimwita mtafiti arudi kabla ya Septemba, au mlingoja mpaka ajilete?

Mchangiaji, aliyefanya kazi ya mipango katika kaunti

Hapakuwa na afisa aliyepewa jukumu hilo. Nadhani ndipo penye pengo. Tume ya kitaifa inayotoa leseni za utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, humtaka mtafiti awaarifu kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na gavana kabla ya kuanza, na awasilishe ripoti yake ya mwisho kwa tume hiyo. Barua za kujitambulisha tulizipokea na kuziweka faili. Kama kila barua ingeandikiwa tarehe ya kurudi na mtu wa kuifuatilia, kaunti ingekuwa na hazina ya maarifa bila gharama kubwa.

Mchangiaji, mvuvi, Amu

Jamaa, msisahau jambo lililotupata wote. Kuhusu mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, mikutano ilifanyika na watu walihudhuria. Mahakama maalumu ya mazingira ilipofuta leseni ya mradi ule tarehe 26 Juni 2019, mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba mikutano ile ilikuwa ya utambulisho tu, na kwamba baada ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya yale uliyoyapata. Kwa hivyo suala la matokeo kurudi limekwisha kufika mbele ya sheria hapa Lamu, tena kwa jambo zito. Tangu siku hiyo, kwenye kamati yetu ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, mtu akija na karatasi ya mahudhurio tunamuuliza kwanza ataleta lini majibu, kisha ndipo tunatia sahihi, na tarehe anayotaja tunaiandika kando ya majina yetu.

Mchangiaji, Siyu

Bwana mvuvi, ninaomba nakala ya karatasi hiyo. Kamati yetu itaitumia.

Mwanzisha mada

Nimeulizwa na wawili kwa ujumbe wa faragha jinsi ya kuipata ripoti ambayo haikurudi. Iwapo iliagizwa na afisi ya umma, au nakala yake iko katika afisi ya umma, Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuipata, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza kwa afisi hiyo, utaje ripoti kwa uwazi uwezavyo: ilihusu nini, ilifanyika wadi gani, mwaka gani. Hulazimiki kueleza unaitaka kwa nini. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Wana siku 21 za kukujibu, na pale ambapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikataa au wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Baki na nakala ya barua yako yenye muhuri wa siku ilipopokelewa, maana siku huhesabiwa kuanzia hapo.

Bado sijawasikia wa Kiunga na wa Basuba, ambako kufika kwenyewe ni kazi na hali ya usalama imewafanya watafiti wengi waandike kuhusu Lamu bila kukanyaga huko. Ndugu wa kaskazini, tuambieni: mnapohesabiwa katika ripoti za huduma, ni nani huwa amewasemea?