Kiroboto anaambukizaje tauni kwa panya wa porini? Wenye kujua naombeni msaada

Msambaa_wa_Mlalo:
Wakuu habari za jioni. Hili swali linanisumbua toka nikiwa mdogo. Mi kwetu Lushoto, na wanaokumbuka wanajua tauni ilianza kutusumbua kule 1980 ikawa inarudi karibu kila mwaka mpaka miaka ya 2000. Babu yangu akiona panya kafa mwenyewe darini, hajapigwa wala hajala sumu, hapohapo anatutoa wote nje, hakuna kumgusa, usiku tunalala kwa baba mdogo ng'ambo ya bonde. Tulikua tunaogopa mitoki kuliko nyoka.

Sasa ile ya kiroboto kutoka kwa panya kuja kumuuma mtu naielewa. Kinachonishinda ni kule shambani na msituni. Kila panya ana shimo lake, kiroboto hana mabawa, anaruka tu kidogo, sasa ugonjwa unahamaje mpaka unasambaa mlima mzima? Na je kiroboto mwenyewe haumwi?

mtegapanya:
Mkuu umeuliza swali zuri sana. Mi niliwahi kuwa kibarua wa kutega panya kwa watafiti, kwaiyo ntaeleza nilichofundishwa na nilichoona kwa macho.

Naanzia swali la mwisho, mana ndo ufunguo. Kiroboto anaumwa, tena anakufa. Akinyonya panya mgonjwa anaingiza bakteria tumboni, ila inabidi panya awe kazidiwa haswa, damu imejaa bakteria, kwa sababu kiroboto anakunywa tone dogo mno. Sasa kabla ya tumbo lake kuna kama geti hivi, lina vimiba vingi vimeelekea ndani, kazi yake kuzuia damu isirudi. Wale bakteria wanajishikilia pale kwenye vimiba, wanazaliana, wanatengeneza kitu kama ute mzito, siku zinavoenda geti linaziba kabisa. Hapo kiroboto akienda kunyonya panya mzima, damu haishuki, inagonga kizibo na kurudi ilikotoka, kwenye kidonda cha yule panya mzima, na inarudi imebeba bakteria. Na kwa vile tumboni hakuna kilichoingia, njaa inamuua, anauma hapa, anauma pale, anahamia kwa mwingine anauma tena mpaka anakufa. Waingereza wawili, Bacot na Martin, walilionesha hili 1914. Kila nikilifikiria napata baridi, kale kadudu kanakufa na njaa huku kamekaa juu ya chakula.

Ila si viroboto wote wanaziba. Wapo wanaoambukiza ndani ya siku moja hadi nne za mwanzo, kabla hata kizibo hakijaanza, Wamarekani walilithibitisha 2006 kwa viroboto wa kindi wa ardhini. Na hiyo inasaidia kueleza kwanini ugonjwa ukiingia kwenye kundi unakimbia kuliko kizibo peke yake kingeweza.

Sasa kuhama. Kiroboto ana miguu minne ambayo ni ya panya. Usidhani panya anakaa shimoni kwake tu, usiku anatembelea mashimo ya wenzake, anagombana, anahamia shimo lililoachwa. Na shimo la panya aliyekufa halibaki tupu, viroboto wanabaki humo na wanaweza kukaa muda mrefu bila kula, wanasogea mlangoni wanasubiri. Panya mwingine akija kuchungulia tu kashawapata.

Mama_Kijana:
Mwanangu mtegapanya ubarikiwe, umeeleza nimeelewa kabisa. Mi nina la kuongeza, na sisi wa milimani kilichokua kinatumaliza ni mahindi. Yakivunwa yanaletwa ndani, panya wa shamba anafuata mahindi, anakutana na panya wa nyumbani kulekule ghalani, na sisi tunalala chini kwenye mikeka ghala liko juu ya kichwa. Kwaiyo kiroboto wa msituni anafika kitandani kwa hatua tatu tu. Nilimzika dada yangu kwa ugonjwa huu, alianza na homa na uvimbe kwenye kinena, tukadhani kachubuka mguu kwenye kuni. Je hawa viroboto wanarithishana? Yani mayai ya kiroboto mgonjwa yanakuja na ugonjwa?

mtegapanya:
Pole sana mama. Hapana, watoto wa kiroboto hawazaliwi nao. Kila kiroboto lazima aupate mwenyewe kwa kunyonya, ndo mana ugonjwa unahitaji panya na kiroboto kwa pamoja, mmoja akikosekana unafifia. Na porini haumalizi panya wote kwa mpigo, wapo wanaoumwa wakapona wapo wanaokufa, basi unatembea chinichini miaka bila mtu kujua. Ila kuna wanyama hawana uvumilivu kabisa, kule nyanda za Marekani kuna kindi wa ardhini wanaoishi kwa makundi makubwa, ikiingia koloni moja inaweza kufuta zaidi ya 90% yao.

Fundi_Ghala:
Wakuu mi naona tunazunguka sana, dawa ni moja tu, mwaga sumu mashimoni ua panya wote, kiroboto atakula wapi?

mtegapanya:
Mkuu hapo naomba unisikilize vizuri maana watu wanaweza kufa. Nikueleze nilichokua nafanya. Ukimpata panya unamlaza usingizi kwa dawa, unamshika juu ya karai jeupe lenye maji, unamsugua manyoya kinyumenyume kwa mswaki, viroboto wanadondoka unawaona weusi kwenye maji meupe. Tuliambiwa ukimkuta kashakufa kwenye mtego fanya haraka, maana mwili ukipoa tu wanaanza kushuka wenyewe wanatafuta joto lingine. Mfaransa Simond 1898 kule Karachi alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto kwenye chupa, alipokufa akaning'iniza juu yake kijikizimba chenye panya mzima, hawagusani kabisa, na yule mzima akaugua akafa.

Sasa wewe ukiua panya 50 kwa usiku mmoja, viroboto wao wote wanaenda wapi? Kwako, kwa watoto, kwa paka, na paka naye anaumwa tauni. Inaanza dawa ya viroboto kwanza, unga unanyunyizwa kwenye njia za panya na mdomo wa shimo, panya akipita anajipaka mwenyewe anaingia nayo mpaka kwenye kiota. Viroboto wakiisha ndo unageukia panya.

Fundi_Ghala:
Aisee hilo sikulijua. Nimekuelewa mkuu, nafuta ushauri wangu.

Msambaa_wa_Mlalo:
Asanteni sana, mama pole kwa dada. Kumbe babu alikua sahihi kututoa nje usiku uleule, panya alikua bado wa moto. Ngoja nimpigie bimkubwa sa hivi, juzi kaniambia kanunua sumu ya panya anasubiri mahindi yaanikwe aiweke ghalani, na hata dawa ya viroboto hajagusa.