Nilinunua au nilipewa? Kesi ya kibanja imetupwa kabla ya shahidi wa kwanza

Mwana Bombo: Wenye ujuzi nisaidieni. Jirani yetu hapa Bombo, hajji wa watu, kesi yake ya kibanja, yaani shamba analokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, imetupwa juma lililopita, shahidi hata mmoja hajasimama. Hati ya madai inasema alinunua. Alipojibu utetezi wa mpinzani, ikaandikwa alipewa na mwenye mailo, yaani huyo mwenye hati ya ardhi. Hakimu akasema hadithi mbili haziendi pamoja, na gharama alipe. Sasa ile ibara ya 126 ya Katiba ya Uganda ya 1995, kwamba haki itolewe bila kung'ang'ania taratibu, ni pambo?

Dada Wandegeya: Umeikata mkia. Inasema bila kuzing'ang'ania *kupita kiasi*. Kwenye kesi ya Kasirye Byaruhanga dhidi ya Uganda Development Bank, ya 1997, Mahakama ya Juu ilisema ibara hiyo si fimbo ya miujiza kwa aliyekiuka utaratibu. Na kanuni za mashauri ya madai, Amri ya 6, nadhani kanuni ya 17, zinakataza kuleta jambo linalopinga ulichoandika mwanzo, ila urekebishe hati kwanza. Angeomba kurekebisha. Lakini wazee wetu huandikiwa na wapiga chapa wa chini ya mwembe, elfu mbili ukurasa, kisha wanashangaa.

Karani Kivulini: Wa chini ya mwembe ndiye mimi. Na ni kanuni ya 7, wakili. Mwaka wa 11 huu nje ya mahakama: meza, mwavuli wa kampuni ya simu, kompyuta inayozima kila umeme ukikatika. Mzee anasimulia kwa Kinubi, mwanawe anageuza kwa Kiswahili, mimi naandika Kiingereza. Akisema "nilimpelekea mwenye ardhi kanzu, akanipa mahali", wewe ungeandika nini? Alinunua au alipewa?

Mzee wa Boda: Hapo umemaliza! Changu nilimlipa aliyekuwa anakaa, halafu nikapeleka kanzu kwa mwenye mailo anitambue. Nimenunua NA nimepewa. Nitupieni nje na mimi.

Dada Wandegeya: 7, sawa, asante. Ningeandika kama ulivyosema wewe mzee: nilimlipa fulani kiasi hiki, nikapeleka kanzu, mwenye ardhi akaridhia. Hati inataka mambo yalivyotokea. Na sikumtukana mtu.

Karani Kivulini: "Wa chini ya mwembe" ni salamu? Elfu mbili hiyo inasomesha watoto watatu. Mawakili wenzako wananiletea kazi saa kumi na moja jioni, kesho ndiyo mwisho wa kuwasilisha. Muhuri wao, vidole vyangu.

Dada Wandegeya: Basi vidole vyako vimeandika ununuzi Januari na zawadi Machi.

Karani Kivulini: Kesi hiyo sikuiandika mimi! Mimi niko mji mwingine kabisa. Ona jinsi mnavyotuhukumu.

Afande Mstaafu: Mwana Bombo, mbona umenyamaza kuhusu kesi ya pili? Hajji ana nyingine Mahakama Kuu, kibanja kilekile. Kule ameandika alirithi kwa babake.

Mwana Bombo: Ile alifungua mwanawe, afande.

Afande Mstaafu: Kwa jina la nani? Nakala nimeishika. Dole gumba la mzee liko chini, wino wa zambarau.

Mama Arua: Kununua, kupewa, kurithi. Bado kuokota tu. Kesi mbili kwa shamba moja ni kuichezea mahakama, hapo niko na hakimu. Ila kwetu ardhi ni ya kimila, hizo kanzu zenu sizielewi.

Mzee wa Boda: Kwenu mnapeleka mbuzi, mama. Kanzu ya miguu minne.

Mama Arua: Mbuzi usimguse! Mbuzi analiwa na ukoo mzima, wote ni mashahidi. Kanzu anavaa mtu mmoja Ijumaa, akifa hakuna anayekumbuka nani alileta.

Mzee wa Boda: Na mbuzi akishaliwa, ushahidi uko wapi?

Mwana Bombo: Jamani, niliuliza kuhusu hakimu. Hajji anaweza kurudi mahakamani?

Dada Wandegeya: Inategemea amri ya hakimu inasemaje. Hati ikikataliwa tu, Amri ya 7 ya kanuni zilezile inamruhusu kuleta mpya, mradi ile miaka 12 ya kudai ardhi haijapita. Kama imefutwa kwa sababu ya kesi mbili, ni wimbo mwingine. Ile ya mwanawe nayo wataifanyaje? Leta amri ya hakimu tuisome.

Karani Kivulini: Akitaka nakala aje kwangu. Ila sasa ni elfu tatu.