Yule fundi pancha mnayemjua nyote, leo kanambia upepo unavuja kichwani mwangu, MBELE YA MAMA MKWE

Jamani nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, herufi zikikosekana mtanisamehe. Jina simtaji na pahala sipataji, hamna haja, kila mwenye gari Unguja hii keshapita kwake na keshatoka na donge rohoni. Yule yule mwenye pipa la maji ambalo hayo maji yalitiwa kabla ya Mapinduzi na hayajabadilishwa mpaka leo.

Kisa ni kifupi. Mpira wa nyuma kushoto unapungua upepo pole pole. Nautia paundi 32 usiku, asubuhi naukuta 20 na kitu, nautia tena, natoka kusali Ijumaa naukuta umelala chali. Msumari hamna, nimeupapasa wote mpaka viganja vimekuwa vyeusi. Rimu zangu za spoti, hizi za aloi zilizokuja na gari kutoka Japani, na ukitazama vizuri pale mpira unapokutana na rimu unaona rangi imefura vilengelenge kama chapati jikoni, ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga mweupe. Kwa hiyo nimekwenda kwake ugonjwa nshaujua, sikwenda kupiga ramli.

Nkamwambia kwa adabu, fundi, hapa mdomoni, ukingo wa mpira unapokaa kwenye rimu, ndo panapovuja, naomba uubandue mpira, usugue huo unga, utie dawa, uurudishe. Hajaniangalia hata usoni. Katema mate kwenye kidole gumba, MATE, kapaka kwenye valvu, katazama kidogo, akasema valvu nzima. Nkamwambia sijakuuliza valvu mie, nimekuuliza mdomo. Ndo hapo mtu mzima akainuka, akajifuta mkono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Chumbe: "Upepo unavuja kichwani mwako, si kwenye mpira."

Na mama mkwe wangu yumo garini! Kiti cha mbele, kioo kiko chini, nampeleka harusini Jang'ombe. Mama ambaye toka nimuoe binti yake meno yake nayaona Idi kwa Idi, leo kacheka mpaka kashika dashibodi. Na wale wa barazani nao wakaangua. Upepo unavuja kichwani mwako! Kisha akautia upepo tu, akataka elfu 3. Elfu 3 ya nini? Ya mate?

Tumefika Jang'ombe, hata biriani halijapakuliwa, mpira chini. Na mama mkwe mbele ya shemeji zangu wote ananiuliza, "Baba, kichwa vipi?"

Mbele ya mama mkwe wallahi. Huyu mtu afanywe nini?

Kidagaa Mchele:
Elfu 3 ya mate 😂😂😂 mie nlitozwa elfu 5 na hata mate sikupata

Bibie wa Mtoni:
Namjua huyo!! Mie kanambia "mwite mumeo nizungumze naye". Gari yangu, pesa zangu, kadi ina jina langu, anitafutie mume wa nini? Pole kakangu, ila mama mkwe nae kanifurahisha.

Baraza la Malindi:
Mleta uzi nawe, umeshindwaje kumjibu? Umesimama tu na kanzu yako ya harusi unatazama mate

Mwana wa Bububu (mleta uzi):
@Baraza ningemjibu nini na mkwe wangu anasikiliza? Nimtukane mzee mbele yake ndo anione muungwana? Mie nilimwendea kwa ustaarabu akanilipa kichwa kinavuja.

Mzee wa Breki:
Mleta uzi tuliza moyo, kwenye ugonjwa wa gari uko sawasawa. Aluminiamu haioti kutu nyekundu kama chuma, inatoa huo unga mweupe, na sie tunaishi ndani ya chumvi. Fundi akishapiga mtaimbo bila kinga rangi inachubuka, unyevu na chumvi vinaingia chini yake, unga unajaa taratibu unausukuma mpira kidogo tu, upepo unapata njia nyembamba. Ndo maana hauishi kwa mara moja. Mpira mzima nao hupoteza upepo, lakini ni paundi 1 au 2 kwa mwezi, huo wako ni maradhi.

Kwanza usibahatishe. Sabuni na maji, mimina midomo yote miwili, wa nje na wa NDANI, wengi wanasahau wa ndani na ndo unaoteseka zaidi, kisha valvu na shina lake. Halafu subiri. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa, unatoa kipovu kidogo kidogo, ukiondoka haraka utasema hamna kitu, na hapo ndo mafundi wengi wanapofeli maana wana haraka ya mteja wa pili. Ukishapaona, mpira ubanduliwe wote, unga usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa laini mpaka ukipitisha kidole hakikwami. Grenda asiiguse, itachimba shimo na utakuwa umenunua uvujaji mpya. Na mdomo wa mpira wenyewe usafishwe, gundi kavu ya fundi wa zamani itolewe. Hapo ndo unapaka dawa nyeusi ya kuziba, kidogo, juu ya pahala safi. Ukipaka juu ya unga ni sawa na hujapaka. Shina la valvu la mpira libadilishwe papo hapo, ni rahisi na linapasuka likizeeka. Mwisho balansi, na nati zikazwe kwa kupishana.

Na akikwambia "tia tyubu tu" muage. Tyubu inaficha, rimu inaendelea kuliwa.

Mwana wa Bububu (mleta uzi):
Allah akuweke mzee wangu, haya ndo maneno. Sasa angalia, mtu hajui hata nusu ya hayo, anasema kichwani mwangu! Kwa sauti ile! Na kioo kiko chini!

Karafuu Mbichi:
Nyie wa Unguja mnalilia mate. Mie huku Wete, Pemba, fundi kaipiga rimu ya aloi nyundo anainyoosha, eti imepinda. Aloi ya watu unaipiga nyundo kama sufuria? Imepasuka ufa kwa ndani, ananambia "rimu yako ilikuwa mbovu". Imebidi niipakie boti niilete mjini kwa mchomeleaji, abiria wote wananitazama na rimu mapajani.

Mzee wa Breki:
@Karafuu ufa ukiwa pale ndani ndugu yangu tafuta rimu nyengine, usipande nayo mwendo mkali na watoto.

Shamba Mwera:
Mie nasema fundi hana kosa, kosa matuta. Tuta halina rangi, halina kibao, usiku unalipanda unalikuta liko kifuani. Rimu itaacha kupinda vipi?

Kidagaa Mchele:
Matuta afadhali, yapo pahala pake unayazoea. Sheli imeandika UPEPO BURE, ukifika mpira wa pampu umekatwa toka Ramadhani, kijana anakwambia njoo kesho

Bibie wa Mtoni:
Na wanaouza mipira ya mtumba je? Pembeni kwenye maandishi ya DOT mna namba 4 za mwisho, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Nimeuziwa "mpya kabisa bibie", nafika nyumbani nasoma 1109. Wiki ya 11 ya mwaka 2009! Mpira umri wake sawa na mwanangu wa sekondari. Nimerudi ananambia mie ndo sijui kusoma.

Mwana wa Bububu (mleta uzi):
Jamani turudi kwenye mada, mama mkwe kesho anataka nimpeleke Makunduchi na kashanambia nipite tena kwa yule fundi "anifurahishe"

Baraza la Malindi:
@Bibie umenikumbusha, pale unapouziwa mipira kuna muuza urojo kando, siku hizi bajia moja tu! Moja! Na bei kapandisha

Karafuu Mbichi:
Bajia moja?? Na katlesi?

Baraza la Malindi:
Katlesi kaikata nusu, sijui nusu ya pili anampa nani

Shamba Mwera:
Urojo wa pale nimeacha toka alipoanza kuzidisha unga wa ngano badala ya embe. Nendeni Kwerekwe jioni mtanishukuru

Bibie wa Mtoni:
Kwerekwe?? Kwerekwe wananyima pilipili Shamba, usitupoteze sie