Re: Mifuko ya mara tatu: tufungiwe mlango au tuachiwe?

Kutoka: Mama Neema, Columbus

Wapendwa, habari za wikiendi. Kijana wangu ameanza kazi, na kila mshahara ukiingia anachota kidogo anatia kwenye mfuko wa hisa anaouita "mara tatu". Soko likipanda asilimia moja, yeye anapata tatu. Nikamuuliza, likishuka je? Akacheka. Nasikia serikali hapa Marekani iliwahi kutaka kuwazuia watu wa kawaida wasiinunue. Sasa mbona haikuzuia? Mimi ni wa enzi za DECI, ule upatu uliomeza pesa za watu kule Tanzania, nikisikia pesa inazaa haraka tumbo linaniuma.

Kutoka: Baba Imani, Minneapolis

Shikamoo Mama Neema. Usimgombeze kwanza, maana mimi nilikuwa yeye.

Novemba 2021, zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mapumziko ya saa tisa, nilinunua mfuko wa namna hiyo kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za dharura. Dola 4,200. Zilikuwa za bati na mbao, nyumba ya mama kule Kibaha. Simu ikaniuliza kama naelewa kuwa kuna hatari, nikabonyeza Ndiyo, kama tunavyobonyeza kila kitu. Kufika Desemba ya mwaka uliofuata zimebaki dola 870. Jiko la mama lina turubai mpaka leo.

Hii si DECI, mama. Hakuna aliyenidanganya. Yote yaliandikwa, tena wazi: mara tatu ya mwendo wa soko *kwa siku moja*. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo niliyoyaruka.

Chukua kalamu. Soko liko 100. Leo linashuka asilimia 10, liko 90. Kesho linapanda mpaka 100 tena. Mwenye mfuko wa kawaida amerudi alipokuwa. Wa mara tatu leo kapoteza 30, kabaki na 70. Kesho soko limepanda asilimia 11 na ushei, yeye anapata 33 na ushei, lakini ni ya ile 70. Anafika 93. Soko limeshafika nyumbani, yeye bado yuko njiani. Sasa fanya hivyo mwaka mzima, juu chini, juu chini.

FINRA, wanaowasimamia madalali, waliliandika hili tangu Juni 2009: mifuko hii kwa kawaida haimfai mtu wa kawaida atakayeishika zaidi ya siku moja. Novemba 2019 SEC, tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, wakapendekeza dalali amchunguze mteja kabla ya kumruhusu kununua. Kanuni ilipopita Oktoba 2020, kipengele hicho kilikuwa kimeondolewa. Machi 2022 FINRA wakauliza tena umma maoni, barua zikamiminika, nyingi za kupinga. Ndiyo sababu mlango uko wazi.

Mimi nisingetaka ufungwe. Ningetaka mtihani. Korea Kusini hununui mpaka umalize somo la mtandaoni. Ningeulizwa swali moja tu la ile hesabu ya 100 na 90, ningefeli, na bati lingekuwa juu.

Kutoka: Wa Houston

Baba Imani, pole sana ndugu yangu. Lakini mtihani leo, kesho watauliza una pesa ngapi. Tayari kuna uwekezaji wa kampuni binafsi ambao hapa kwa kawaida huruhusiwi mpaka uwe na kipato cha dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya milioni moja bila kuhesabu nyumba unayoishi. Tajiri asiyejua kujumlisha anapita, mhasibu anayeendesha Uber anarudishwa getini. Na tiketi za bahati nasibu ziko pale kwenye kituo cha mafuta, hakuna anayekupa mtihani.

Asiyependa kuuza, asiuze. Vanguard, kampuni kubwa ya uwekezaji, waliacha wenyewe kuruhusu wateja kununua mifuko hii Januari 2019, hakuna aliyewalazimisha.

Halafu tusiseme hasara tu. TQQQ, mkubwa wa mifuko hii, ulipoteza kama asilimia 79 mwaka 2022, sawa. Lakini 2023 ulipanda karibu asilimia 198! Aliyevumilia alilipwa.

Kutoka: Baba Imani

Wa Houston, hilo la kupima watu kwa mfuko wa suruali tuko pamoja kabisa. Mimi nimesema mtihani, sijasema mshahara.

Ila hizo namba zako ziweke kwenye kikokotoo. Dola 100, toa 79, baki na 21. Ongeza asilimia 198 ya hiyo 21. Unapata 63 hivi. QQQ, mfuko wa kawaida unaofuata kampuni zilezile za soko la hisa la Nasdaq, ulishuka kama asilimia 33, ukapanda kama 55: mtu wake ana 104. Wote wawili wamevumilia miaka miwili ileile.

Na wewe ni msomi, umeandika "alilipwa".

Kutoka: Wa Houston

Haya. Hapo umenikamata. Bado sitaki wanifungie.

Kutoka: Mama Neema

Marahaba wanangu, asanteni. Jana baada ya chakula nimemwandikia kijana 100, 70, 93 nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Kaitazama muda mrefu, akaniambia nimekosea. Kakokotoa kwenye simu. Kakokotoa tena. Kisha kachukua bahasha kaingia nayo chumbani.

Hajauza.