Je, The Judas Contract bado ndiyo kilele cha The New Teen Titans ya Wolfman na Pérez?

Msomaji wa Nansio aliandika:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Naomba tusaidiane katika jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Ijumaa iliyopita, nilipokuwa nikivuka kwenda Ukerewe. Safari ya kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua zaidi ya saa tatu, na mwenye kitabu mkononi huwa haoni urefu wake. Nilibeba juzuu lenye kisa cha The Judas Contract, nikalifungua kabla vilima vya mawe vya Mwanza havijapotea machoni, na tulipotia gati nilikuwa nimelimaliza, lakini moyo wangu ulikuwa mzito.

Kwa wageni wa mada hii, nitasema kwa kifupi. Mwaka 1980 kampuni ya DC, wachapishaji wa hadithi za picha wa Marekani, ilimkabidhi mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez kikosi cha mashujaa vijana, Teen Titans, ambacho kilikuwa kimeshafifia. Wao wakawachukua Robin, Wonder Girl, Kid Flash na Changeling, wakawaongezea watu watatu wapya wa kubuni kwao wenyewe, yaani Cyborg, Starfire na Raven, na kikosi kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana katika kampuni ile. Mwishoni mwa 1982 wakamleta Terra, msichana mwenye uwezo wa kuamrisha ardhi na mawe, na mwaka 1984 wakafunga kisa chake: kumbe tangu siku ya kwanza alikuwa jasusi wa mamluki Deathstroke, na anakufa akiwa bado anawachukia wenzake.

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwaambia vijana kwamba hicho ndicho kisa bora cha kikosi hiki. Nilikisifu kwa sababu hakikumwonea msomaji haya, wala hakikumtubisha msaliti dakika ya mwisho. Safari hii, hata hivyo, nimekisoma nikiwa na mpwa wangu nyumbani, mtoto wa dada yangu, ambaye ana umri wa miaka 15 na yuko kidato cha pili. Nilipofika pale ambapo Terra yuko nyumbani kwa Deathstroke, mwanamume mwenye mvi na mwenye watoto wakubwa, na kitabu kinatuelewesha bila kificho kwamba kuna uhusiano kati yao, nilifunga kitabu nikatazama maji kwa muda. Msimulizi anatuambia kwamba Terra ana umri wa miaka 16 na kidogo, na kwamba wazimu wake haukusababishwa na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi, na haikuwahi kunigutusha.

Swali langu ni hili: je, tulikosea kukiweka kisa hiki juu ya vingine? Na kama tulikosea, kazi ya wawili hawa inasimama kwa lipi?

Mchora Mabango wa Makoroboi alijibu:

Ndugu Msomaji, nashukuru kwa mada. Mimi riziki yangu ni brashi na rangi, kwa hiyo nitazungumzia picha, maana nadhani jibu la swali lako liko humo.

Tukumbuke jinsi walivyofanya kazi. Walikuwa wakikipanga kisa pamoja, kisha Pérez akazichora kurasa, na Wolfman akayaandika maneno juu ya picha ambazo tayari zilikuwapo. Maneno ya msimulizi yanayomhukumu Terra, kwa hiyo, yalikuja mwisho. Picha zilikuwa zimeshasema la kwao, na ukizitazama kwa makini utaona kwamba hazikubaliani na maneno hayo.

Mtazame Terra mwenyewe. Wasichana wengine wa kikosi, Starfire hasa, wamechorwa kama wanamitindo wa kwenye kalenda. Terra hakuchorwa hivyo. Ana uso wa kawaida, meno ya mbele yaliyochomoza kidogo, na mwili wa mtoto ambaye bado anakua. Pérez alifanya hivyo kwa makusudi, ili asifanane na mrembo wa kutiliwa shaka. Halafu tazama anapokuwa nyumbani kwa Deathstroke: amejipaka vipodozi vizito na ameshika sigara. Anayesoma maneno peke yake ataona mwanamke mjanja amevua kinyago. Mimi nimezoea kuchora nyuso, na ninachokiona pale ni mtoto aliyevaa vitu vya mama yake. Vipodozi vimekaa juu ya uso, havikuwa sehemu yake. Sijui mchoraji mwingine wa wakati ule ambaye angeweza kuutunza utoto wa uso chini ya rangi nzito namna ile.

Na kile kifo chake. Sisi wa Jiji la Miamba tumekulia katikati ya mawe yaliyobebana, tunajua jinsi jiwe kubwa linavyokaa na jinsi uzito wake unavyoelekea chini. Pérez naye alijua. Mawe anayojiangushia Terra yana uzito, yana nyufa, na kila moja lina upande wake wa kivuli. Angeweza kujaza ukurasa kwa vumbi na mistari ya kasi, kama wavivu wanavyofanya. Yeye alikaa akachora jiwe baada ya jiwe, na katikati yake msichana mdogo anapiga kelele. Picha zile zinamtetea, ndugu yangu, hata pale maneno yanapomshitaki.

Kwa hiyo sikubaliani kwamba tulikosea kabisa. Tulisifu ukurasa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Dada wa Igoma alijibu:

Kaka Mchora Mabango, maelezo yako yamenifanya nirudi kwenye kurasa hizo jana usiku, na kuhusu uso wa Terra nakubaliana nawe. Lakini naomba nisiruhusu maneno yapite kirahisi, kwa sababu maneno ndiyo waliyoyabeba wasomaji kwa miaka arobaini.

Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya siku zangu naitumia kusikiliza watoto. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto, basi. Ninapomsoma Deathstroke, namwona mtu mzima aliyempata msichana asiye na wazazi karibu naye, mwenye uwezo mkubwa na hasira kubwa kuliko uwezo wake, akamsifia, akamlipa, akamfanya ajione mtu mzima, akamvisha lenzi za machoni zenye kamera ili awapeleleze rafiki pekee aliowahi kupata. Katika kazi yangu jambo hili lina jina, nalo ni kurubuni. Watoto niliowaona wakitoka katika mikono ya watu wa namna hiyo mara nyingi huwa na hasira, huwatukana wanaowasaidia, na humtetea aliyewaumiza. Kwa maana hiyo Wolfman na Pérez walimwandika Terra kwa usahihi unaoumiza, na nina hakika hawakujua kuwa wamefanya hivyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni yaliyofuata. Msichana alipewa kaburi. Mwanamume alipewa msamaha: Changeling, kijana aliyempenda Terra, anakwenda kumkabili Deathstroke, na mwisho wake wanaketi na kuzungumza kama wanaume wawili waliopoteza kitu kimoja. Kisha mwaka 1991 Deathstroke akaanzishiwa mfululizo wake mwenyewe, ulioandikwa na Wolfman yuleyule, akiwa mtu mwenye heshima zake. Nasema haya bila chuki na mwandishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipa Raven, binti anayeishi akiogopa kile alichorithi kwa baba yake, na Raven alinisaidia sana nilipokuwa mdogo. Ni kwa sababu naijali kazi hii ndiyo maana siwezi kuinyamazia.

Wengi tulikuwa tukimwita Terra ndumilakuwili, kama yule wa kwenye gazeti la Sani. Ndumilakuwili wa Sani ni mtu mzima anayejua anachokifanya na anayecheka akikifanya. Terra hafai kuitwa jina hilo.

Mzee wa Kirumba alijibu:

Wanangu, nimesoma yote, na ninamshukuru binti yangu wa Igoma kwa kusema wazi. Mimi naomba niongeze upande wa wakati.

Ninyi mmekisoma kisa hiki katika juzuu moja, kwa saa tatu, mkijua mwisho wake. Msomaji wa 1983 alikisoma toleo moja kila mwezi. Katika miaka ile vitabu vya X-Men, vya kampuni shindani ya Marvel, vilikuwa vimeshapata Kitty Pryde, msichana mdogo anayepokewa katika kikosi na kupendwa na kila mtu, na wasomaji wakadhani Terra ni Kitty wa DC. Wolfman na Pérez waliitumia dhana hiyo. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba atakuwa msaliti na kwamba atakufa, wakamruhusu msomaji ampende. Kisha, jambo ambalo watu husahau, walimfichulia msomaji siri miezi mingi kabla ya Titans wenyewe kuijua. Kwa muda huo wote unamwona Terra akicheka mezani na wenzake, na wewe unajua. Sijaona mfululizo mwingine wa wakati huo uliothubutu kumbebesha msomaji mzigo wa namna hiyo kwa muda mrefu hivyo. Ufundi huo sitaki upotee katika hukumu yetu.

Vijana wengi mnaowajua, aidha, walimpata Terra kwanza katika katuni ya televisheni ya 2003 hadi 2006, ambamo anajutia makosa yake na kugeuka jiwe akiwaokoa rafiki zake. Wanapofika kwenye kitabu wanashtuka. Nimemsikia kijana mmoja akisema kitabu kimemharibu Terra, ilhali kitabu kilitangulia kwa karibu miaka ishirini.

Hata hivyo, mtoa mada ameuliza kazi ya wawili hawa inasimama kwa lipi, na hapo sina shaka. Inasimama kwa matoleo ambayo hayana vita. Chukueni toleo la 38, la Januari 1984, Robin anapotafuta wazazi wa Donna Troy, yaani Wonder Girl. Donna aliokolewa na Wonder Woman katika nyumba inayoungua akiwa mtoto mchanga, na hajui ametoka kwa nani. Robin hatupi ngumi hata moja. Anachambua majivu, anafuata mwanasesere mkuukuu, anaongea na wazee, anasoma kumbukumbu, hadi anampata mama aliyemlea Donna kwa muda alipokuwa mdogo. Pérez anachora watu wakiwa wamekaa vitini wakizungumza, ukurasa baada ya ukurasa, na huwezi kuliweka chini. Mimi nililelewa na bibi huko Magu bila kumjua baba. Nimelisoma toleo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Baada ya toleo la 5 la mfululizo mpya wa kikosi hikihiki, mwaka 1985, Pérez aliondoka. Wolfman aliendelea hadi 1996, na wachoraji waliofuata hawakuwa wabaya, lakini mazungumzo ya vitini yalipungua utamu. Ndipo utajua nani alikuwa akifanya nini.

Msomaji wa Nansio alijibu:

Mzee wangu, Dada, Kaka, nawashukuru kwa dhati. Nimejibiwa kuliko nilivyouliza.

Nakubali sasa kwamba nilikuwa nikisifu ukatili wa mwisho wa kisa kana kwamba ukatili ndio ukweli. Picha zilikuwa mbele yangu miaka yote hiyo, na niliziacha nikafuata maneno ya msimulizi kwa sababu yalikuwa na sauti ya mtu anayejua. Kisa chenyewe nitaendelea kukisoma, na hoja ya Mzee kuhusu miezi ile ya kubeba siri nimeipokea. Ila kijana akiniuliza aanzie wapi, sitamwanzishia pale tena.

Jumapili jioni nilimpa mpwa wangu toleo la 8, la Juni 1981, ambalo nalo halina vita: kila mmoja wa Titans anaachwa na siku yake. Alisoma ameketi kizingitini huku dagaa wakiwa bado wameanikwa uani. Kwa Cyborg alisimama. Victor Stone, ndilo jina lake halisi, ni mchezaji wa riadha aliyevunjikavunjika katika ajali ya maabara ya wazazi wake, na baba yake akamuunga kwa chuma bila kumuuliza. Katika toleo hilo anakwenda mitaani akiwa ameficha mikono yake, watu aliowapenda wanamkwepa, hadi anapokutana na watoto wanaocheza mpira. Wanaiona mikono yake ya chuma na hawakimbii. Wanamsogelea, kwa sababu wao wenyewe wana mikono na miguu ya bandia, na wanaiona ya kwake kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Mpwa wangu ana rafiki darasani anayetembelea mguu bandia. Aliniomba kitabu akampelekee Jumatatu, nami nilimpa.

Sasa nina upungufu wa juzuu la kwanza, lenye toleo hilo la 8, hadi litakaporudi, na toleo la 38 sinalo kabisa. Mzee wa Kirumba, kama unaruhusu, nitashuka Mwanza Jumamosi ijayo na kivuko cha asubuhi, nilisomee hapohapo kwako bila kuliondoa. Kaka wa Makoroboi, nitakuja na The Judas Contract. Naomba unioneshe kwa kidole ule uso ulio chini ya vipodozi.

Mzee wa Kirumba alijibu:

Karibu sana, mwanangu. Njoo kabla ya saa sita, mchana huwa nalala. Na binti wa Igoma naye aje, chai ipo.