USHAURI: Nitapataje picha ya kilicho ndani ya boksi kwa kutumia miale?

Mwalimu_WestNile: Habari za jioni wanabodi. Nafundisha fizikia huku Arua, Uganda. Maonyesho ya sayansi yamekaribia, na wanafunzi wangu wa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari) wanataka kuonyesha kilicho ndani ya boksi bila kulifungua. Najua kila mwale hupewa namba mbili, pembe yake na umbali wake kutoka katikati. Nimekwama kwenye kuirudisha picha. Nikishapata vivuli vya kila pembe, nafanyaje? Nizungushe nyuzi 180 au 360? Nisaidieni, usingizi umenihama.

DadaWaMaabara: Kama miale inakwenda sambamba, 180 zinatosha, maana unaotoka kushoto na unaotoka kulia hupita njia ileile. Kanuni ni x cos θ + y sin θ = s: θ ni pembe, s ni umbali kutoka katikati, x na y ni mahali mwale unapopita. Chora karatasi yenye θ upande mmoja na s upande wa pili. Kila mwale utakuwa nukta moja tu. Msumari mmoja ndani ya boksi utachora wimbi, na ukikaa mbali na katikati wimbi linazidi kupanda na kushuka. Hesabu yenyewe mwanahisabati Johann Radon aliiandika 1917, mashine ya CT ya hospitalini haijawazwa. Allan Cormack akaanza kuhangaika nayo hospitalini Cape Town 1956 bila kujua ya Radon, na 1979 akagawana Nobeli na Hounsfield, aliyeunda mashine yenyewe. Kuirudisha picha, kila kivuli kipake nyuma kwenye njia zake kisha ujumlishe. Usipokichuja kwanza kila kivuli, yaani kukazia kingo zake kwa hesabu, utapata ukungu mtupu. Chanzo chako cha miale ni nini?

Mwalimu_WestNile: Ubarikiwe dada. Chanzo kipo tayari. Nisaidieni hesabu tu.

MzeeWaLenzi: Mimi ningeanza na lenzi. Hapo namba mbili ni kimo cha mwale juu ya mhimili na mwinamo wake. Mwale ukisafiri hewani, kimo hubadilika na mwinamo unabaki. Ukipita kwenye lenzi nyembamba, kimo kinabaki na mwinamo hubadilika. Nimetengeneza miwani Jinja mpaka nimezeeka. Mama mmoja alirudisha yake akilia kichwa kinamuuma, na namba za daktari zilikuwa sawasawa. Nikapima fremu: kitovu cha lenzi kimekaa milimita chache pembeni ya mboni. Mwale unaingia kimo kingine, unatoka na mwinamo mwingine, macho yanavutana kutwa nzima. Vijana wa siku hizi fremu hawapimi kabisa.

DadaWaMaabara: Mzee shikamoo. Mwalimu, nimeuliza chanzo.

BodaMsomi: Chanzo ni jua la Arua, lile linapenya mpaka mabati 😂

Mwalimu_WestNile: Haya, nasema. Nimenunua kichwa cha eksirei ya meno, yaani sehemu inayotoa miale, cha zamani, kwa muuza vyuma chakavu Kampala. Nimeshalipa, na amenihakikishia kinawaka. Tutakiwasha sekunde chache tu, wanafunzi wakiwa nyuma ya ukuta. Mkuu wa shule ameshawatangazia wazazi. Sasa mnataka niwaambie nini?

MamaNesi: Waambie ukweli! Watoto wa watu hao. Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyohivyo, kila kitu "sekunde chache tu", mpaka jenereta ilipomla vidole viwili. Walimu mnatafuta sifa siku hizi.

DadaWaMaabara: Vichwa hivyo hufanya kazi kwenye kilovolti 60 hadi 70. Mionzi haisubiri nyuma ya ukuta, inatawanyika ikigonga chochote. Na wewe unahitaji kivuli cha kila pembe, kwa hiyo utawasha tena na tena. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 inataka leseni. Una leseni?

Mwalimu_WestNile: Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895 alikuwa na leseni ya nani? Na mkono aliopiga ulikuwa wa mkewe.

DadaWaMaabara: Na Clarence Dally, msaidizi wa Edison kwenye kazi ya eksirei, alikatwa mikono kwa madhara yake, akafa 1904. Soma na hiyo.

Fuwele_Gulu: Mbona molekuli mmeziruka? Pale eksirei haileti kivuli. Ikigonga fuwele inagawanyika kuwa madoa, na mahali pa doa panakupa pembe. Pembe ikishajulikana unapata nafasi kati ya tabaka za atomu; kwenye chumvi ya mezani ni kama nanomita 0.28. Bragg mtoto, mwenye hesabu hiyo, alipata Nobeli 1915 akiwa na miaka 25, pamoja na baba yake. Msalaba wa madoa kwenye Picha ya 51, ya eksirei, ya 1952, iliyotoka maabara ya Rosalind Franklin, ndio ulioonyesha DNA imejisokota. Mimi na miaka yangu 25 bado naomba nauli nyumbani.

FundiKatwe: Ngojeni kwanza. Mimi vyuma chakavu ndiyo kazi yangu. Vichwa vya meno vikitufikia, shaba imeshang'olewa na mafuta ya transfoma yamemwagwa. Hicho cha kuwaka kimetoka wapi? Halafu S.3 gani wanachagua wenyewe mradi wa kurudisha picha kutoka kwenye vivuli? Huyu ni wa chuo, anataka tumfanyie kazi yake bure, na eksirei ameiweka ili uzi uchangamke. Weka picha ya hicho kichwa, upande wenye kibandiko.

BodaMsomi: Banange! Na nimemaliza bando kusoma cosine.

Mwalimu_WestNile: Picha ninayo. Simu hii haipandishi picha.

MamaNesi: Mimi tangu mwanzo sikumwamini.

MzeeWaLenzi: Awe mwalimu, awe wa chuo, hii anaiweza. Chukua tochi ya leza, mtu asiitazame, na beseni la kioo lenye mafuta ya kupikia. Ndani yake tumbukiza chupa ya Pyrex nayo ijae mafuta. Itapotea machoni, kwa kuwa mwanga hupita humo na kwenye mafuta karibu kwa kasi moja, haupindi. Kitu cha kuficha kiwe cha plastiki nyembamba yenye rangi, kisizibe mwanga wote. Sogeza leza kidogo kidogo, upande wa pili weka simu inayopima mwanga. Geuza chupa nyuzi kumi, rudia.

DadaWaMaabara: Sawa kabisa mzee. Ila kila kipimo kigawe kwa kile cha mafuta matupu, kisha uchukue logi (logarithimu) yake, la sivyo vivuli havijumlishiki.

Mwalimu_WestNile: Asanteni. Mafuta kama lita ngapi? Na huyu wa vyuma akikataa kunirudishia hela?

FundiKatwe: Picha kwanza.