Shule ya serikali au ya kulipia? (mtoto wa Year 5, England)

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Wakubwa shikamooni, wengine habari za huko.

Naombeni mawazo. Binti yetu wa kwanza yuko Year 5, kwa hiyo Septemba ya mwakani anaingia sekondari. Baba yake ameshikilia aende shule ya kulipia. Anasema nyumbani wazazi wetu waliuza mpaka ng'ombe tukasoma shule za ada, sasa hapa ndiyo tumpeleke ya bure? Mimi napiga zamu za usiku, yeye mchana, na kila nikikaa na kalamu hesabu inagoma. Shule ya serikali iliyo karibu ni ya kawaida tu, haina bwawa wala farasi, ila watoto wa jirani wanasoma pale na wanaonekana wana adabu na akili.

Mliopita njia hii niambieni ukweli. Ufundishaji una tofauti, au tunalipia nyasi za uwanja?

Jibu: Mjomba, Milton Keynes

Lipeni. Elimu haina hasara. Tulikuja kubeba maboksi ili nini?

Jibu: Baba wa Watatu, Leicester

Mjomba shikamoo. Neno lako ni fupi ila malipo yake ni miaka saba, kwa hiyo nivumilieni nirefushe kidogo.

Mama Wawili, kwanza tahadhari ya jina, maana mimi lilinipa aibu kazini. Niliwahi kumwambia mwenzangu kwamba mtoto wangu yuko "public school", nikimaanisha ya umma. Akanitazama kama mtu anayeficha mgodi wa Tanzanite. Huku England "public school" ni zile shule kongwe za matajiri. Sheria yao ya 1868 ilihusu saba, Eton na Harrow zikiwemo. Ziliitwa hivyo kwa kuwa zilipokea mtoto wa popote mradi mzazi ana hela, tofauti na kumwekea mwalimu nyumbani. Ya bure ni "state school". Ukikosea neno ukiwa na maofisa wa halmashauri mtazungushana wiki nzima.

Sasa hela. Shule nyingi za kutwa za kulipia zinazidi pauni 15,000 kwa mwaka. Zidisha kwa saba, Year 7 hadi 13, unapita 105,000 na hapo hujaweka nyongeza ya kila mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ada ina VAT ya asilimia 20. Baadhi ya shule zilibeba sehemu, nyingine zilimtua mzazi mzigo mzima, kwa hiyo uliza kama bei unayotajiwa ina kodi ndani. Halafu kuna sare, basi, chakula, safari. Na soma mkataba: kawaida ukitaka kumtoa mtoto unatoa taarifa muhula mzima kabla, la sivyo unalipia muhula ambao hakai. Mimi nililipia. Sitasema zaidi, moyo bado unauma.

Ila swali lako ni la ufundishaji, na hapo ndipo nina ya kusema, kwa sababu binti yangu wa kati amesoma kote kuwili.

Mwaka wa kwanza tulimpeleka ya kulipia. Darasa la watoto kumi na wanne, walimu wanamwita kila mtoto kwa jina, mwalimu mkuu anasimama getini asubuhi kushikana mikono na wazazi. Nilikuwa natembea kifua mbele. Siku moja nikafungua daftari lake la hesabu, nikakuta ameandika nusu jumlisha theluthi ni sawa na mbili ya tano. Amejumlisha namba za juu, akajumlisha za chini, basi. Pembeni kuna vema ya kijani na kistika cha nyota inayocheka. Nikafunua nyuma: hesabu sita za namna ile, vema sita, nyota mbili. Nikamwita mtoto. Nikamuuliza, ukiwa na nusu ya chapati, nikakuongezea theluthi, utakuwa umebakiwa na pungufu ya nusu? Akacheka, akasema baba haiwezekani. Yaani akili anayo. Hakuna aliyemuuliza tu.

Ada ilipotushinda tukamhamishia ya serikali. Watoto thelathini, madirisha yanavuja upepo. Wiki ya tatu kosa lilelile likajitokeza kwenye daftari jipya, maana lilikuwa limeshaota mizizi. Safari hii hakuna vema. Mwalimu ameandika swali moja kwa kalamu ya kijani: mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Chini yake mtoto amechora mistari miwili, akaigawa, akaandika "ndogo, kwa hiyo nimekosea", kisha akarudia hesabu upya hadi akafika tano ya sita. Hapo nilikaa kwenye ngazi nikalisoma daftari lote.

Sisemi kila ya serikali iko hivyo. Ningekuwa na bahati mbaya, kisa kingeweza kugeuka kichwa chini. Ninachosema ni kwamba ile shule ya kwanza nilikuwa nalipia vitu ninavyoviona kutoka getini, na mafunzo yako ndani ya daftari. Na kumbuka shule za kulipia hazilazimiki kufuata mtaala wa taifa, wala kuajiri walimu wenye cheti cha ualimu kinachotambuliwa. Wengine wana walimu hodari kupindukia bila hicho cheti. Ila uliza, usidhani.

Kuhusu matokeo. Baba watoto wako bila shaka atakuonyesha jedwali la GCSE, mitihani ya Year 11, na shule ya kulipia iko juu. Sawa. Lakini wao wanachuja mlangoni: mtihani, usaili, na uwezo wa mfuko. Ukichukua watoto waliokwisha iva halafu wakatoka wameiva, umewapikia nini? Nyumbani tunalijua hili. Kuna shule zilikuwa zinang'ara kitaifa kwa kumtema kila asiyefikia wastani wao kabla ya kidato cha nne, mtihani ukifika wamebaki wa kupasua tu. NECTA wenyewe Januari 2023, wakitangaza matokeo ya kidato cha nne, waliacha kutaja shule kumi bora. OECD, shirika la nchi zilizoendelea, nao walipochambua PISA ya 2009, mtihani wao wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, walikuta sehemu kubwa ya pengo kati ya shule za binafsi na za umma inatokana na hali za familia za wanafunzi.

Kwa hiyo kwa shule za serikali angalia kipimo kinachoitwa Progress 8. Kinaangalia mtoto alipata nini kwenye SATs, mitihani ya mwisho wa shule ya msingi, akiwa na miaka 11, kisha kinamlinganisha na wenzake walioanzia palepale, wamefika wapi kwenye masomo manane. Sifuri ni wastani wa nchi. Shule ya mtaa wa watu wa kipato cha chini yenye namba chanya imefanya kazi kuliko ya mtaa wa kitajiri yenye hasi, hata kama jumla ya alama iko chini. Kasoro ni kwamba waliomaliza 2025 na 2026 hawana hicho kipimo, kwa sababu wakati wao wa SATs, 2020 na 2021, mitihani ilifutwa kwa Uviko. Rudi nyuma utazame ya 2023 na 2024. Shule za kulipia hazina Progress 8. Na usishtuke ukikuta shule yenye jina kubwa ina sifuri kwenye jedwali la serikali la matokeo ya GCSE: nyingi zinafanya IGCSE, toleo la kimataifa, ambalo halihesabiwi humo.

Ofsted, wakaguzi wa shule, nao wameacha kuipa shule nzima neno moja. Tangu Septemba 2024 hakuna tena "Outstanding" ya jumla ya shule nzima, na Novemba 2025 zikaanza kadi za ripoti zenye vipengele. Mabango ya zamani bado yananing'inia kwenye uzio, angalia tarehe.

Jibu: Mama Kijana, Birmingham

Hamjambo nyote. Baba wa Watatu umesema vyema, lakini ngoja nami niseme langu.

Mwanangu ni mtoto mkimya. Kwa shule ya serikali alikaa miaka miwili nyuma ya darasa na hakuna aliyegundua kwamba hasomi ubao. Si kwa sababu walimu ni wabaya. Wale waliopiga kelele ndio walikula muda wote. Mwalimu wa Kiingereza alibadilishwa mara nne kwa mwaka mmoja. Tuliomba ruzuku ya karo kwa shule moja ya kibinafsi, wakapekua payslip zetu hadi akaunti ya akiba, wakatupunguzia zaidi ya nusu. Kufikia wiki ya pili mwalimu alinipigia simu akaniambia, mama, mpeleke apimwe macho. Miwani tu! Miaka miwili!

Kwa hivyo darasa dogo lina maana, kwa mtoto wa aina fulani. Mama Wawili, binti yako ni yupi? Yule anayeinua mkono au yule anayejificha?

Jibu: Baba wa Watatu, Leicester

Dada, hapo umenipata. Wa kwangu ana mdomo, hawezi kupotea hata Kariakoo siku ya mechi ya watani. Nakubali.

Jibu: Kaka Mdogo, London

Samahani nachomekea. Mimi niko kwa viza ya kazi yenye yale maneno ya "no recourse to public funds", yaani huruhusiwi misaada ya serikali. Mtoto wangu anaruhusiwa shule ya serikali kweli? Na je, naweza kumleta mpwa wangu asome?

Jibu: Shangazi wa Fomu, Luton

Mwanangu, mtoto wako anayeishi nawe kihalali aende shule, usiogope. Shule ya serikali haimo kwenye hizo "public funds". Chakula cha bure cha Reception (darasa la kabla ya Year 1) hadi Year 2 anakula kama wenzake, na hapo London shule za msingi za serikali wote wanakula tangu Septemba 2023. Mpwa ni hadithi nyingine: viza ya Child Student ni ya shule za kulipia peke yake. Na akija kwa viza ya kutembea, usimwandikishe shule ya serikali.

Mama Wawili, nimekuwa nikiwasaidia watu fomu hizi muda mrefu, shika haya. Fomu ya sekondari mwisho ni tarehe 31 Oktoba akiwa Year 6, majibu tarehe 1 Machi. Jaza nafasi zote unazopewa. Watu wanaandika shule moja wakidhani wanaitia hofu halmashauri; hawamtishi mtu. Shule haioni umeiweka ya ngapi. Ukikosa ulizoandika unapewa iliyoachwa na watu, labda ya kupanda basi mbili. Iweke ndani angalau moja unayoweza kuipata kwa umbali.

Kwa kuwa uko Reading, kuna Kendrick, ni ya grammar: ya serikali, haina ada, ila ina mtihani. Mtihani wa grammar hufanyika mwanzoni mwa Year 6, na kujiandikisha hufungwa kabla ya hapo. Ukingoja Septemba umechelewa. Mjaribu bila kumwua na tuisheni, maana shule za grammar zimebaki 163 England nzima na wanaogombea ni wengi.

Ukikosa uliyoitaka, ingia orodha ya kusubiri na ukate rufaa. Orodha ile haipangwi kwa aliyewahi. Kila akiingia mtoto mpya inapangwa upya kwa vigezo vya shule, kwa hiyo unaweza kuwa wa tatu leo na wa saba kesho. Lazima waiweke angalau hadi tarehe 31 Desemba. Watu wanakata tamaa Julai, nafasi zinafunguka Septemba familia zikihama.

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Asanteni sana, nimewasoma mara mbili mbili. Mama Kijana, binti yangu ni wa kujificha kidogo, na swali lako limeninyima usingizi kuliko zamu.

Nirudishe majibu. Jumamosi tulienda siku ya wazi ya ile ya kulipia. Wametutembeza bwawa, ukumbi wa tamthilia, studio ya muziki yenye piano tatu. Nikaomba kuona daftari la Sayansi la Year 7, lolote, hata la mtoto aliye katikati. Yule dada aliyekuwa anatuongoza akatabasamu, akasema yamekusanywa, akatupa mfuko wenye kalamu na brosha.

Jumanne nikaenda ile ya jirani, peke yangu, nikiwa na sare ya kazini. Sakafu inanuka dawa, kengele inalia kama king'ora. Mwalimu akafungua kabati, akaniwekea madaftari matano mezani bila kuchagua. Moja halijasahihishwa tangu Januari, akaniomba radhi, mwalimu wa darasa hilo aliacha kazi. Manne yana maswali ya kijani kama aliyosema Baba wa Watatu, na majibu ya watoto chini yake. Nikamuuliza mtoto mkimya mnamwonaje. Akanionyesha karatasi ya majina ukutani yenye alama: kila kipindi anaweka nukta kwa aliyeulizwa, na wiki ikiisha hakuna jina lisilo na nukta.

Baba yake bado ana brosha mkononi. Ila jana nimemkuta anapiga hesabu ya 15,000 mara saba nyuma ya bahasha, na nimemuona amefuta akaanza upya na VAT. Wiki ijayo anakwenda mwenyewe kule kwa jirani. Nimemwambia aulize kuhusu lile daftari la tano, kama mwalimu mpya ameshapatikana.